Michungwa Sitini ya Mama Mdogo Saumu

Pua yangu haina adabu. Hukumbuka mambo mbele za watu, mahali pasipostahili, bila kuniomba ruhusa. Juzi nilikuwa Chumbageni kwenye kikao cha wazazi, shuleni kwa mwanangu, mwalimu akawasha mashine kuukuu ya kumulikia picha ukutani. Ilipopata moto ikaanza kutoa ile harufu ya vumbi linaloungua ndani ya plastiki, nami nikajikuta nina miaka tisa, nimekaa mkekani kule Ngamiani, goti langu limegusana na goti la mama yangu mdogo, macho kwenye kitelevisheni kidogo chenye mstari mweusi katikati.

Ajenda ya kikao, kwa bahati, ilikuwa gemu. Mwalimu alitaka tumweleze kwa nini watoto wetu wanacheza gemu mpaka wanasahau kula. Kila mzazi alikuja na jibu lake mfukoni. Baba mmoja alisema ni uvivu tu. Mama aliyekaa mbele yangu akasema ni shetani, akasema kwa nguvu mpaka akatafutiwa maji. Kijana mmoja aliyevaa tai akasema hapana, watoto wanapenda kushinda, kwani binadamu ameumbwa kupenda kushinda, na karibu ukumbi mzima ukakubaliana naye. Mimi ningesema nini? Ningesimama nikaanza kuwaeleza habari za eda na michungwa, maji yale wangeniletea mimi.

Nyumba ya Bibi, mama yake mama yangu, ilikuwa na korido ndefu yenye vyumba huku na huku. Chumba cha mbele alikishika Mjomba Bakari, kaka yake mama. Humo aliweka televisheni kubwa na mashine ya gemu, na kila siku baada ya adhuhuri vijana walijazana wakipokezana pedi na kutukanana kwa mapenzi. Chumba cha mwisho, karibu na ua, walikaa Mama Mdogo Saumu, mdogo wake mama, na mumewe, Baba Mdogo Selemani, fundi baiskeli. Mimi na mama tulikuwa chumba cha katikati, kwa hiyo hakuna kilichopita koridoni nisikijue.

Chumba cha mbele sikuruhusiwa kuingia. Mjomba alisema mahali pale si pa mtoto wa kike, maneno yaliyonifanya nipatake kuliko peponi. Nilisimama nje dirishani, pua katikati ya nondo, nikajifunza kila kitu kwa macho. Nilijua kitufe cha kupiga mpira na cha kukimbia kabla sijawahi kushika pedi hata siku moja. Tena niliwajua wachezaji kuliko walivyojijua wenyewe. Hemedi, kuli wa bandarini mwenye mabega mapana, kila akifunga goli aligeuka nyuma kuhesabu waliomwona. Chumba kikiwa kitupu hakushika pedi kabisa, alilala kwenye benchi. Kutazamwa ndiko alikokupenda, gemu lilikuwa sababu tu.

Mwingine alikuwa Mzee Mhina, Mshambaa, Mlutheri, mstaafu wa mashamba ya mkonge, aliyepanga chumba ng'ambo ya barabara. Mkewe alishafariki, watoto wako Dar na Arusha. Alikuja na kigoda chake, vijana wakamwamkia shikamoo, kisha wakampiga magoli tisa bila huruma. Nusu ya muda pedi aliishika kichwa chini. Akimaliza kufungwa husema, “Ahsanteni sana, wanangu. Kesho tena, Mungu akipenda,” na kesho anarudi. Mimi nilimwona mjinga. Anafungwa kila siku, na kila siku anashukuru! Ilinipita kabisa kwamba mzee yule alikuja kuamkiwa.

Basi ndivyo tulivyokuwa mpaka Alhamisi ile Baba Mdogo Selemani alipoanza kulalamika tumbo. Alisema ni kiungulia, akaendelea kuziba pancha barazani. Usiku tumbo likamzidi. Mama Mdogo akamchemshia tangawizi, akamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, Ijumaa mchana kutwa akamkanda, huku akimbembeleza waende hospitali naye anajibu kesho, kesho. Jumamosi alfajiri alipokubali, kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Jumapili akafariki. Wanaume walimpeleka Mwera, kwao, upande wa Pangani, wakamzika huko, na Mama Mdogo akabaki Ngamiani kuanza eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani.

Siku ya hitima, wanawake wakiosha sahani uani, jirani mmoja alisema neno. Alikuwa mwanamke mwema tu, ila mdomo wake haukuwa na kifuniko. “Kumbe mlimkanda? Lo! Kidole tumbo hakikandwi maji ya moto, jamani. Ndo hupasuka.” Akaendelea kusugua sahani yake. Dirisha la chumba cha Mama Mdogo lilikuwa palepale juu ya vichwa vyao, lina pazia tu.

Kuanzia siku ile Mama Mdogo hakusema tena. Naam, aliswali, tukamsikia akinong'ona. Ukimuuliza atakula alisema ndiyo au hapana. Lakini yule mama yangu mdogo aliyekuwa akiniiga ninavyotembea, aliyecheka mpaka akashika ukuta, hakuonekana tena. Wala hakulia. Alikaa kitandani, na mikono yake, hili ndilo lililonitisha, mikono yake ilikuwa ikikamua upindo wa kanga. Anakamua, anakunjua, anaweka juu ya paja, anabonyeza taratibu, anakamua tena. Nilidhani anafua nguo za ndotoni.

Mama mkwe wake kule Mwera alituma salamu kila alipopatikana mtu wa kuja mjini. Zilikuja na nazi, na ujumbe uleule: “Mwambieni Saumu, akitoka eda nataka tuonane, nina mazungumzo naye.” Kila ujumbe ulipofika Mama Mdogo aligeukia ukutani. Nazi zile hakuzionja. Nilimsikia Bibi akimwambia mama, “Anadhani anaitwa kwenda kushitakiwa. Na kama hatozungumza na yule mama, basi hatozungumza na mtu tena. Atatoka eda mwili, mwenyewe atabaki chumbani.” Bibi alikuwa mtu wa kusema mambo mara moja, na lile alilisema kwa sauti ya chini, nikajua ni kubwa.

Aliyeiona mikono ile vizuri kuliko wote ni Mjomba Bakari. Alikuwa na mashine nyingine kuukuu, ambayo rafiki yake fundi magari aliikuta chini ya kiti cha gari la mtumba lililotoka Japani, ikiwa na sahani yake ya gemu ndani. Haikukubali sahani nyingine yoyote. Gemu lenyewe lilikuwa la shamba, maandishi yote ya Kijapani, na vijana wa chumba cha mbele waliliona mara moja wakalicheka. Nani aje mjini kucheza kulima? Basi Mjomba akaibeba ile mashine koridoni pamoja na kitelevisheni chake kibovu, akaifunga chumbani kwa dada yake, akamtilia pedi mikononi. “Saumu, hebu nijaribie hii kama vitufe vinafanya kazi,” alisema, akatoka upesi kabla hajakataliwa.

Majirani walipopata habari wakaja juu. Mwenye eda anacheza gemu! Bibi aliwasikiliza, akamaliza kumenya muhogo wake, akasema, “Eda imemfunga miguu. Haikumfunga mikono.” Hawakurudi tena na maneno yale, angalau si mbele yake.

Sasa nieleze upumbavu wangu, maana hapa ndipo ulipoanzia. Sikuwa nimeona eda kabla ya hapo. Niliona mambo yote yakiingia kwa Mama Mdogo wiki moja: nguo zisizo na urembo, kuacha hina, kuacha wanja, kuacha udi, kutotoka nje, na mashine. Mimi nikayafunga yote kanga moja. Niliamini kila mwanamke akifiwa na mumewe huletewa mashine, na kwamba eda yenyewe ni kulishinda lile gemu katika miezi minne na siku kumi. Kwa akili ya mtoto wa dirishani lilikuwa jambo la wazi kabisa. Chumba cha mbele kila kitu kilikuwa na muda, na muda ukiisha kuna aliyeshinda na aliyeshindwa.

Na Mama Mdogo alicheza vibaya, jamani! Niliruhusiwa kukaa naye, nikawa nakaa kila nikitoka chuoni, msahafu bado kwapani. Ndani ya gemu alikuwa na kiwanja kilichojaa mawe. Aliyaondoa moja moja. Akachimba kisima. Akapanda miche midogo iliyokuja kuzaa matunda ya duara ya manjano, tukaamua mimi na nafsi yangu kwamba ni michungwa. Chini ya kilima alisimama fundi seremala, juu ya kichwa chake picha ya mbao, na kilimani kulikuwa na kivuli cha nyumba kubwa isiyojengwa. Mtu yeyote angeelewa: kata miti, mpe fundi mbao, nyumba inajengwa, gemu limeisha. Mama Mdogo alimpita fundi yule kila siku bila kumpa hata kijiti.

Tena alikuwa na tabia iliyonitia aibu. Mche mmoja ukikauka, au mbuzi akila majani, alizima mashine. Anaizima tu, anaiwasha tena, anarudi alipokuwa kabla ya kosa, anapanda upya na safari hii anamwahi mbuzi. Chumba cha mbele hilo lilikuwa kosa la jinai. Hemedi alikuwa na msemo wake, “Ukifungwa umefungwa, kuzima mashine ni uoga.” Nilimwambia Mama Mdogo siku moja, kwa upole, kwamba hairuhusiwi. Alinitazama, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikasikia sentensi nzima.

“Humu inaruhusiwa,” alisema.

Kisha akazima na kuwasha tena, kwa ajili ya mchungwa mmoja.

Michungwa ikafika sitini. Nilihesabu kwa kidole kwenye kioo. Hakuna hata mmoja uliokufa, maana kila uliotaka kufa alirudi nyuma akauponya. Na mikono yake, hili nililiona nikashindwa kulipa maana, haikukamua kanga tena muda wote alioshika pedi. Mimi mawazo yangu yalikuwa kwa fundi seremala aliyesimama anangoja, na kwa mwezi. Bibi aliifuata eda kwa mwezi mwandamo, na jioni moja nikamsikia akimwambia mama kwamba zimebaki siku kumi.

Siku kumi! Na nyumba haijawekwa hata nguzo.

Hapo ningemuuliza Bibi, mambo yote yangekwisha kwa kicheko. Lakini niliogopa kwamba nikisema, Bibi atajua Mama Mdogo anashindwa. Nikatafuta mtu mzima mwenye hekima asiye wa nyumbani, na katika Waislamu wote wa Ngamiani, wenye vilemba na wasio navyo, nikamchagua Mzee Mhina. Nilimvizia akitoka chumba cha mbele na kigoda chake.

“Shikamoo, Mzee Mhina.”

“Marahaba, mama. Hujambo?”

“Sijambo. Mzee Mhina, mtu akishindwa eda inakuwaje?”

Mzee wa watu alisimama. Leo naelewa kwamba hakujua, na kwamba hakutaka kumvunja moyo mtoto wala kuikosea heshima dini ya jirani. Alifikiri kwa dhati.

“Akishindwa,” alisema taratibu, “nadhani huanza upya, mwanangu. Mungu ana subira.”

Nilienda zangu nikipiga hesabu. Kuanza upya, maana yake miezi mingine minne na siku kumi. Na akishindwa tena je?

Kesho yake baada ya adhuhuri Mama Mdogo alitoka kwenda kuoga uani. Alikuwa mwogaji wa taratibu. Niliingia chumbani, nikafunga mlango kwa komeo, nikashika pedi. Niliogopa, na nisidanganye, haikuwa hofu peke yake. Nilikuwa nimeitamani pedi miaka miwili nikiwa dirishani, na sasa nimeishika, tena kwa kazi ya wema. Nikachukua shoka. Mti wa kwanza ulianguka kwa mlio mdogo wa kuchekesha. Nikakata safu ya kwanza, ya pili, nikawa nakimbia na magogo kwa fundi, naye kila nikimpa anarukaruka na nyumba inapanda kilimani. Ah, nilikuwa hodari! Kama kuna siku nimewahi kuwa hodari wa jambo lolote ni siku ile. Mchungwa wa sitini ulipoanguka, fataki zikalipuka angani, watu wadogo wakapiga makofi, maandishi ya Kijapani yakapanda na kupanda kwa muziki wa harusi. Mwishowe mashine ikauliza swali lake lile la kila siku, lile ambalo Mama Mdogo hulijibu kwa kubonyeza kitufe cha kulia ili ihifadhi. Nikabonyeza. Ilikuwa na nafasi moja tu ya kuhifadhia.

Nikafungua komeo, nikamngoja mlangoni nikichezacheza kwa furaha.

Aliingia na maji yakimtiririka shingoni. Nikamwonyesha kwa mkono, “Mama Mdogo, umeshinda! Unaweza kutoka!”

Alitazama kioo. Kilima kilikuwa na nyumba kubwa nyekundu, na chini yake uwanja mzima wa visiki. Hakunigombeza. Alikaa mkekani, akashika mashine, akaizima. Akaiwasha. Muziki ukaanza, ikaja nyumba nyekundu na visiki. Akazima tena, akangoja kidogo, akawasha. Visiki. Mara ya tatu alingoja muda mrefu sana, mkono umekaa juu ya mashine kama anayepima homa. Visiki vilevile.

Ndipo nikaelewa kwamba nimefanya jambo baya, ingawa sikujua ni baya la namna gani. Nikaanza kulia, kile kilio cha kukosa pumzi. Mama Mdogo akanigeukia.

“Kwa nini, Zena?”

Nikamwambia yote, yakatoka ovyo: eda, siku kumi, fundi seremala, Mzee Mhina, kuanza upya. Kwamba nilitaka atoke. Kwamba hakuna mwingine anayenichekesha, na nimechoka kukaa bila yeye.

“Ulijua kama itaharibika?”

“Sikujua.”

“Ungelijua, ungeikata?”

“Wallahi nisingeikata hata mmoja.”

“Ulitaka kunidhuru?”

“La, Mama Mdogo! Nilitaka upone!”

Neno hilo sijui kwa nini lilinitoka, maana hakuwa mgonjwa. Yeye lilimfika mahali. Aliniangalia kana kwamba nimeingia chumbani wakati ule. Akanishika uso kwa mikono yake miwili yenye maji.

“Basi usilie,” alisema. “Hukujua. Ulifanya kwa mapenzi, na hukujua. Mtu hahukumiwi kwa…”

Hakumaliza. Mdomo wake ulibaki wazi. Niliona maneno yake mwenyewe yakimrudia, na mimi mtoto niliogopa, kwa sababu sijawahi kumwona mtu mzima akishtuka kwa alilolisema yeye. Kisha akalia. Miezi minne ilikuwa imekaa humo ndani, yote ikatoka siku hiyo. Alilia akinikumbatia, akisema katikati ya kwikwi, “Na mimi sikujua. Mama yangu wee, na mimi sikujua! Nilimkanda ili apone. Nilimkanda kwa mikono yangu hii, na sikujua.”

Watu wakaja mbio koridoni, mama yangu, Mjomba Bakari, hata Hemedi akachungulia kutoka mbele. Bibi alikuwa ameshafika. Alisimama mlangoni na kisu cha muhogo mkononi, akawazibia mlango mzima kwa mkono wake.

“Mwacheni,” alisema. “Rudini kwenye mipira yenu. Mwacheni alie ashibe.”

Jioni ile Mama Mdogo aliomba nazi moja ikunwe. Bibi alinihoji kuhusu eda na mashine, nikamweleza nilivyodhani, akacheka mpaka akalazimika kukaa. Alitaka kujua nilidhani yeye, alipofiwa na Babu, alicheza gemu gani. Mzee Mhina alipopata habari alikuja na kofia mkononi kuomba radhi, akaandaliwa chai barazani. Kuanzia hapo Bibi akawa anamwita “shehe wetu”, na mzee akalipenda jina lile kupita kiasi.

Kesho yake nilipita chumba cha mwisho kwa kunyata. Mama Mdogo akaniita. Mashine ilikuwa imewashwa, kiwanja cha mwanzo kabisa, mawe tele. Akanipa pedi. “Haya, fundi wa kumaliza,” alisema, na niliisikia ile sauti yake ya zamani ikijaribu kurudi, “njoo uone kazi inavyoanzwa.” Tukaondoa mawe, jiwe lake, jiwe langu. Tulipanda miche mitano kabla ya alasiri. Wa tatu ukaliwa na mbuzi. Nilirukia mashine niizime haraka, maana sasa nilijua sheria za chumba kile, naye akanishika mkono.

“Mwache mbuzi,” alisema. “Tupande mwingine.”

Nimeshakuwa mtu mzima, nimeshamuuliza kuhusu siku zile, na alinijibu kwa wepesi akiwa anachambua mchele. Alisema mashine ile ilikuwa mahali pekee alipoweza kukosea kisha akarudi nyuma, na alikuwa akirudi nyuma kutwa nzima kwa sababu kulikuwa na Alhamisi moja aliyoitaka na haikurudi. Mimi sijui wale wazazi wa kikaoni watoto wao wanatafuta nini. Hemedi alitaka macho ya watu, Mzee Mhina alitaka shikamoo, mimi nilitaka kuingia nilipokatazwa. Walioshika pedi ileile hawakuwa wakicheza gemu lilelile. Siku hizi mwanangu akicheza mimi hukaa karibu kwanza, nikatazama anafanya nini akikosea, kabla sijaanza kelele zangu. Na kelele huzipiga, msinielewe vibaya.

Eda ilipokwisha, Bibi alimwogesha, akamvisha kanga mpya, akamfukiza udi. Jirani yule wa sahani alileta maandazi, Mama Mdogo akayapokea. Kisha, asubuhi iliyofuata, akasema anakwenda Mwera, na anakwenda na mimi. Tukaondoka wawili. Alinishika mkono kwa nguvu hata mahali ambapo hapakuwa na haja, na tulipokaribia akaanza kutembea polepole, akasimama, akafunga vizuri kanga ambayo ilikuwa imefungwa vizuri.

Mama yake Baba Mdogo Selemani alikuwa mlangoni, mwembamba, mrefu, ana macho ya mwanawe. Nilijificha nyuma ya Mama Mdogo. Walisalimiana, lakini kabla marahaba haijamalizika Mama Mdogo alikuwa ameshaanza, kwa pumzi moja, kama mtu anayeogopa akinyamaza hatoweza tena.

“Mama, alikuwa na kidole tumbo, na mimi nilimkanda maji ya moto. Siku mbili nilimkanda. Sikujua.”

Yule mama alimtazama. Nawakumbuka kuku wakitafuta punje miguuni mwetu, maana niliwatazama hao ili nisimtazame yeye.

“Ndilo nililokuitia hilo, mwanangu,” alisema. “Niliambiwa wamekutia maneno. Nilitaka nikwambie mwenyewe kwa mdomo wangu. Alipokuwa mdogo kila tumbo lilipomuuma mimi ndiye niliyemkanda, na kama angekuwa hapa siku ile, ningemkanda mimi.”

Akampokea mkoba begani, akanishika na mimi kichwa, tukaingia ndani.